Tai wa Baba Geoffrey

Jumapili, 10 Machi

Leo nimeongea kanisani kabla ya kufikiri. Mume wangu Muia ameninyamazia tangu chakula cha mchana, kwa hiyo nitaandika, maana lazima niongee na mtu.

Ilikuwa hivi. Baada ya ibada, kamati ya jengo ilituketisha kuzungumzia mimbari. Ile ya zamani mchwa wameimaliza kwa ndani, na Mchungaji Nashon akiiegemea inalia. Mzee Nzomo, mwenyekiti wa kamati, alitembeza simu yake tuone picha ya mimbari ya kioo aliyoiona dukani pale Kawangware 56. Inang'aa kama kabati la kuuzia simu. Watu wakasema "aah." Mimi nikawaangalia. Nusu ya hilo kanisa tumetoka Machakos na Kitui, watu wa kuchonga, na tunashangilia kioo! Hasira ikanisimamisha. Nikasema mume wangu ni mchongaji, atawachongea mimbari ya mti mmoja: tai amefungua mabawa, Biblia inakaa juu yake. Na itakuwa tayari Pentekoste.

Makofi yalipigwa. Muia alikuwa nje akibishana mambo ya mpira. Alisikia habari zake kutoka kwa watu wengine.

Jambo ambalo sikulisema ni hili. Kwenye vibanda vyetu hapa Kabiro kila mchongaji ana mnyama wake. Kimanzi ni kiboko. Muia ni twiga. Tangu tuoane hajachonga kitu kisicho na shingo ndefu. Twiga anatoka kwake akiwa na makovu ya tezo, kishoka chake cha kuchongea, anakuja kwangu, napiga msasa mpaka awe laini, anaenda sokoni. Hayo ndiyo maisha yetu. Tai hatumjui.

Jumatatu, 11 Machi

Ameongea. Amesema, "Mama Geoffrey, ulichukua mdomo wangu ukaenda kuongea nao."

Nikamwambia alikuwa ameuacha bila kazi. Hakucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Twiga. Hakuna jipya.

Jumamosi, 16 Machi

Amekubali! Si mimi niliyemshawishi. Nimembembeleza wiki nzima kama mtoto asiyetaka dawa, bila faida. Leo Mzee Nzomo alipita kibandani akielekea dukani kwake, akasimama, akauliza kwa upole, "Sasa Muia, hiyo tai utaiwekea madoa?"

Wachongaji wote walicheka. Nzomo alipoondoka, Muia alikwenda nyuma ya kibanda akaondoa magunia kwenye lile gogo la mgrevilea tulilolihifadhi miaka mingi. Limekauka vizuri, ukiligonga linaitika. Akalizunguka. Akalizunguka tena.

Baba Geoffrey ni mtu wa kusukumwa na kejeli kuliko maombi. Ila Nzomo sitamsahau. Mtu mzima na ndevu zake anakuja kumdharau mwenzake mbele ya watu.

Jumamosi, 23 Machi

Sijui niandike nini. Nitaandika tu vile ilivyokuwa.

Alianza Jumatano. Kila nikipita na mtungi nilichungulia, na mpaka jana nilikuwa na furaha. Kifua kilikuwa kinatokea kwenye mti, kipana, chenye maringo. Leo asubuhi nimempelekea chai nikakuta redio inazungumza siasa, Muia anabishana nayo, na mkono unakata wenyewe huku chini. Nilisimama na kikombe. Mabega yalikuwa yameondoka. Kutoka kifuani ilikuwa inapanda shingo nyembamba, imeinama mbele kidogo kwa adabu, sawasawa na shingo ya kila twiga niliyewahi kumpiga msasa.

"Baba Geoffrey."

"Mm."

"Angalia mkono wako."

Aliangalia. Alizima redio. Aliweka tezo chini polepole.

Adhis, jirani yetu anayeuza samaki wa kukaanga hapo langoni, alikuja kuona kwa nini kumekuwa kimya. "Woi! Mama Geoff, hii ni mbuni ama ni bata imeshtuka?"

Kicheko kilienda kibanda hadi kibanda. Na mimi nilicheka, sitadanganya. Nilipogeuka Muia hakuwepo, alikuwa amekwenda nyumbani.

Hairekebishiki. Mbao ikishatolewa imetoka. Ukikata shingo hiyo iwe fupi, kichwa kitakaa juu ya mwili kama ngumi. Na hatuna gogo lingine kavu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imeanza, na imeanza vibaya. Njia ya kwenda kibandani ni uji.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Nzomo ameniuliza mlangoni, "Tai anaendeleaje?" Nimesema anaendelea vizuri. Nimedanganya, kanisani, siku ya Ufufuo. Nimemwomba Mungu asihesabu ule kuwa uongo, ahesabu kuwa ni jambo ambalo halijafika bado.

Njiani Muia alisema, "Twende tumwambie anunue kioo chake. Tumalize."

"Hatuendi."

"Mkono hautaki, Ngina. Huu mkono unajua kitu kimoja."

Ananiita Ngina tu akiwa ameshindwa kabisa. Nikamwambia mkono si mzee wa kijiji, hauulizwi unataka nini. Tutaufundisha. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Jumamosi, 6 Aprili

Upepo wa jana umetuletea mti.

Watu wengine wakisikia mvua ya upepo wanaomba paa ising'oke. Sisi wa kuchonga tunaomba hivyo hivyo, halafu tunasikiliza simu, kwa sababu mbao nzuri siku hizi haikatwi, inaanguka. Obonyo alipiga mapema. Ni kijana wa Sarang'ombe kule Kibera, ana power saw yake ya kukatia miti, na kukiwa na mti umelala mahali Nairobi hii, yeye hujua kabla ya mwenye mti.

"Mathe, niaje. Kuna jakaranda imelala juu ya ukuta ya watu huku Lavington. Kipande ya chini ni mnono, siwezi hata kuikumbatia. Kujeni mbio kabla watu wa makaa wafike."

Tulienda mbio. Mwenye ukuta alitaka tu barabara yake ifunguke. Kulileta gogo kwa mkokoteni ilikuwa kazi ya wanaume watano na matope mpaka magotini, na mimi nyuma nikisukuma na kupiga kelele. Lilipofika, Muia alilipiga tezo mara moja. Maji yalimrukia usoni.

"Hii kitu inataka mwaka mzima ikauke," Obonyo alisema.

"Tuko na mpaka Pentekoste," nikamwambia.

"Basi nyinyi mnataka miujiza, hamtaki power saw."

Muia alijifuta uso. Nilidhani atasema turudi kwenye kioo. Akasema, "Nikichonga pole pole na nikilifunika kila jioni, linaweza kunivumilia." Nilitaka kumkumbatia hapo hapo mbele ya watu, lakini tulikuwa wachafu sana.

Jumatano, 10 Aprili

Gogo limesimama kibandani tangu Jumamosi na hakuna aliyeligusa. Muia analiogopa. Nimekaa na msasa wangu nikimtazama akichonga twiga, na leo kwa mara ya kwanza nimemtazama kama mtu asiyemjua. Huanza miguuni. Kila mara huanza chini akipanda, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyopunguza, chini nene, juu nyembamba, na hata haangalii. Mkono unakumbuka njia kama punda anayerudi nyumbani.

Nikamwambia, "Ligeuze. Tai akae kichwa chini."

"Mama Geoffrey, mimi si mwendawazimu."

"Ukianza chini utakuta kichwa. Ukipanda itabidi unenepeshe, usipunguze. Mkono utapotea njia."

"Nataka mkono upotee?"

"Ndiyo. Ukipotea utauliza."

Halafu akamwita Kimanzi, wakaligeuza. Redio nimerudi nayo nyumbani. Alilalamikia redio kuliko gogo.

Ijumaa, 12 Aprili

Ameanza. Anachonga kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya wenyewe. Anakata, anasimama, anagusa, anarudi nyuma. Kichwa cha tai kiko chini karibu na vumbi, na Muia amepiga magoti mbele yake. Adhis amepita na karai lake na hajatania.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Anachonga.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Anachonga. Tumegombana kuhusu mdomo wa tai, nami nilikuwa na makosa.

Jumatano, 24 Aprili

Siku mbaya. Mvua ilipiga kutwa, na Nairobi nzima imekuwa mto. Obonyo alipiga akasema nyumba za karibu na mto kule kwao zimebebwa, yake imebaki kwa sababu iko juu kidogo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, hakuwa na utani hata mmoja.

Hapa maji yaliingia kibandani yakiwa na takataka za Kabiro yote. Tulikuwa mimi, Muia na Kimanzi tukijaribu kuliinua gogo juu ya mawe, na halikutaka kuinuka. Jakaranda mbichi ni nzito kama tembo aliyekataa. Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa tai. Nilikuwa nimeanza kulia kwa hasira nilipoona mikono mingine miwili imeshika upande wangu. Ni Mzee Nzomo, suruali imekunjwa, viatu vimening'inia shingoni. Alikuwa ameleta turubai kutoka dukani kwake.

Tuliliinua. Tulilifunika. Tulisimama wote wanne chini ya mabati tukihema.

"Mama Geoffrey," alisema, "mimi sichukii mbao. Najua unafikiri hivyo. Hiyo paa ya kanisa inavuja, na nimetupa mimbari mbili kwa mikono yangu. Zimeoza. Watu walichanga, halafu mimi ndiye nabeba kwenda kutupa. Nataka kitu hakinywi maji, basi."

Wiki zote hizi nimemwona adui, kumbe ni mtu aliyechoka tu. Nimemkaribisha chai. Hata hivyo kioo chake bado sikitaki, na nilimwambia. Alicheka akasema nikishindwa Pentekoste, Jumatatu yake atakwenda kukichukua.

Jumamosi, 4 Mei

Leo wamemsimamisha tai wima.

Waliposhika gogo kuligeuza nilikwenda kusimama nje. Sikutaka kuona. Niliposikia Kimanzi anasema "eh!" nikarudi. Shingo ni fupi. Ni fupi, nene, imejaa nguvu, inaingia mabegani kama ilivyoumbwa na Mungu mwenyewe. Mabawa yamefunguka nusu, na katikati pamelala nafasi ya Biblia. Macho yanaangalia chini kidogo, upande wa watu.

Muia alikuwa bado ameshika tezo, anamtazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Nilimuuliza anaonaje.

"Naogopa," alisema. "Twiga siogopi. Twiga hata sijali."

Miaka yote nimemwita mume wangu mkaidi. Kumbe nilikuwa sijamwona akijali kitu. Kesho kutwa naanza msasa.

Alhamisi, 9 Mei

Msasa. Vidole havishiki kalamu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeharibu. Mimi, si yeye.

Jua limetoka leo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, jua la kweli. Muia alikuwa amekwenda Kibera kumsaidia Obonyo kupigilia ukuta. Aliacha amesema tai abaki ndani ya magunia yenye unyevu, akauke taratibu. Mimi nilikuwa nimempaka mafuta upande mmoja na nilitaka yakauke nimalize. Nikasema jua la saa moja litadhuru nini? Nikamfunua, nikafungua mlango jua limfikie, nikaenda kuanika nguo.

Nilisikia mlio. Si mkubwa, ni kama mtu amevunja ukuni mkavu kwenye goti. Nilijua kabla ya kufika. Ufa umeanza chini ya shingo, umeshuka kifuani mpaka tumboni, na kidole changu kidogo kinaingia.

Alipokuja nilimwambia mara moja. Sikutafuta maneno. Aliuangalia ufa, akaniangalia mimi, akasema tu, "Mti ulikuwa mbichi." Angenigombeza ningepata nafuu. Nililia mpaka Adhis akaja na maji.

Jumanne, 14 Mei

Muia ametoa gundi na unga wa mbao.

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Twiga akipasuka unachanganya unga na gundi, unajaza, unapiga msasa, unapaka rangi ya viatu, na hakuna jicho litakaloona. Kwa miezi michache. Mti ukiendelea kukauka, ufa unafunguka tena, lakini wakati huo mnunuzi ameshapanda ndege na twiga wake.

Nilimshika mkono. "Huyu hapandi ndege."

"Sasa?"

"Huyu tutakaa naye kila Jumapili. Sitaki kuimba nikitazama mahali nilipodanganya."

"Tufanye nini basi? Ufa ni ufa."

Nilikaa chini. Nilimfikiria mama yangu kule Kitui na vibuyu vyake. Kibuyu kikipasuka hakukitupa. Alitoboa matundu kandokando ya ufa kwa waya wa moto, akapitisha uzi wa katani huku na huku, na kibuyu kiliendelea kubeba uji. Mshono ulionekana. Hakuna aliyeuonea aibu, tulijua vibuyu vyetu kwa mishono yao.

"Tutamshona," nikasema.

Muia akaweka kifuniko kwenye gundi.

Alhamisi, 16 Mei

Obonyo ameleta waya wa shaba, ameutoa kwenye mota iliyoungua. "Mathe, sijawahi ona ndege ikienda theatre ya hospitali," alisema. Nilifurahi kusikia utani wake umerudi.

Nimeshona mwenyewe. Muia alitaka kushika keekee ya kutobolea, nikamwambia ashike taa ya simu tu, ndani kuna kiza cha mvua. Tundu huku, tundu kule. Waya unaingia, unavuka ufa, unatoka. Haukazwi sana, kwa sababu mti utaendelea kujinyoosha na kujikunja, na ukiubana utapasuka mahali pengine. Unauacha upumue kidogo. Mama hakunifundisha kwa maneno, lakini mikono ilikumbuka.

Nilipomaliza, kifua chote cha tai kilikuwa na njia nyekundu ya shaba kutoka kooni mpaka tumboni. Ni mara ya kwanza nimeweka kitu kwenye kazi ya Muia badala ya kuondoa.

Jumamosi, 18 Mei

Tumempeleka. Nzomo alikuwa mlangoni na Mchungaji. Aliona mshono kabla hatujamtua chini.

"Imepasuka."

"Ndiyo," nikasema. "Na imeshonwa. Hatujaficha kitu."

"Mama Geoffrey, tunamwekea Mungu kitu kimepasuka?"

Mchungaji Nashon alipitisha kiganja chake kikubwa juu ya bawa. "Mimi napiga mimbari nikihubiri," alisema. "Mnanijua. Kesho tutaona. Ikishika, imeshika. Isiposhika, Nzomo ataenda 56 Jumatatu."

Nyumbani Muia hakula.

Jumapili, 19 Mei, Pentekoste

Mvua ilirudi tukiwa kwenye wimbo wa pili, na stima ikaenda nayo. Maikrofoni ikafa. Mabati ya kanisa letu yakinyeshewa huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Mimi nilikuwa mbele na kwaya ya akina mama. Muia alikuwa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, mahali anapokaa siku zote ili atoroke kabla ya matangazo.

Mchungaji alianza. Midomo ilicheza, hatukusikia kitu. Alipaza sauti. Watu walianza kutazamana. Nzomo, kwenye benchi la mbele, alitazama paa, kisha akatazama tai, na nilijua anafikiria nini. Ndipo Mchungaji akainua mkono na kupiga.

Nilifumba macho. Nilisubiri ule mlio wa kuni.

Haukuja. Ulikuja mwingine, mzito, wa tumboni, dum, ukapita chini ya kelele za mvua mpaka mlangoni. Nilifumbua macho nikatazama mshono. Waya ulikuwa umetikisika, sasa umetulia. Mchungaji mwenyewe alishtuka. Alimtazama tai, akatabasamu, akampiga tena, na safari hii alipiga na neno lake pamoja. Watu wakainuka. Kila alichosema alikipigia, na kila alichokipigia tukakisikia kwa kifua hata pale masikio yaliposhindwa. Alipiga mabawa yote mawili kwa mikono yote miwili. Mimi nililia wazi wazi, wala sikujifuta.

Nikamtafuta Muia. Alikuwa amesimama. Alikuwa ameacha benchi lake na alikuwa anakuja katikati ya kanisa, polepole, ameinamisha kichwa upande mmoja, uso umelegea. Mhudumu mmoja akadhani Roho amemshukia, akamshika kiwiko akamwongoza mbele huku watu wakipiga vigelegele. Muia hakupinga. Nadhani hata hakujua ameshikwa. Kufika mbele, Nzomo alimtazama, akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

Tulirudi nyumbani kwa matope, mwavuli mmoja. Nilimuuliza kama ameokoka, maana kanisa lote linasema hivyo.

"Nilikuwa nasikiliza," alisema.

Tulitembea kidogo.

"Zile twiga zote, Mama Geoffrey. Zote. Hakuna hata moja nimewahi kujua iliwekwa wapi."

Nilishika mkono wake, ule wa tezo, na yeye akaniacha niushike mbele ya watu wote wa Kabiro. Tulipofika langoni akasema Jumapili ijayo tutoke mapema, hataki kukaa nyuma.